Agosti 15 ya Malta na ya Kigoma: samaki wa leo aandikwe ubaoni

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka, Agosti 15 ndiyo siku wavuvi wa Malta wanaporuhusiwa kuanza kumvua samaki aitwaye lampuki kwa vyelezo. Mwaka 2024, tarehe hiyohiyo ndiyo iliyofunga miezi mitatu ya kupumzisha Ziwa Tanganyika, tangu Mei 15, ili samaki wazaliane. Tarehe ni moja, lakini mezani mambo hayafanani. Kule, msimu ukifunguka, migahawa huandika jina la lampuki ubaoni kwa chaki na watu hutoka majumbani kwenda kumla. Huku kwetu ziwa likifunguliwa na samaki wetu migebuka wakajaa Kibirizi, mwaloni wanakoshushwa, mgeni anayeshuka stesheni na kuingia kwenye hoteli yenye vitambaa mezani hupewa menyu ileile ya mwaka mzima: kuku chipsi, wali nyama, na samaki "kama yupo". Jambo hili linatuuma, na tunaomba nafasi katika gazeti lako tulieleze kwa kirefu.

Sisi tunaoandika ni wapishi na wahudumu wa kaunta wa Kigoma Ujiji, na baadhi yetu wana uzoefu wa jikoni na baa za visiwa vya Bahari ya Mediterania. Vijana wengi hutuuliza habari za kazi na masomo huko, na wenye hoteli hutuuliza kwa nini wageni wa visiwa vile husifia chakula na vinywaji kuliko wa kwetu. Jibu ni moja kwa wote wawili. Ukijua namna ya kutambua mgahawa mzuri Malta, utajua pia kinachokosekana hapa.

Malta ni visiwa vidogo kusini mwa Sicily, vyenye kilomita za mraba 316 tu na watu zaidi ya nusu milioni. Hakuna mto wa kudumu wala ziwa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ni maji ya bahari yaliyochujwa chumvi. Ardhi ni mawe matupu yenye udongo mchache juu yake. Msomaji wa Kigoma, mwenye ziwa refu la kilomita zaidi ya 600 mbele ya uso wake na mawese nyuma ya mgongo, atafakari hilo kwanza. Lugha yao nayo itamshangaza, kwa kuwa ina asili ya Kiarabu: mhudumu anapohesabu sahani utamsikia akisema "sitta, sebgħa, disgħa" kwa maana ya sita, saba na tisa, kasoro nane tu ndiyo inayotupita. Asali wanaiita "għasel". Pilipili manga ni "bżar", ndugu wa bizari yetu.

Lampuki ni samaki yuleyule ambaye watu wa Pwani yetu humwita faulusi. Anapenda kivuli. Wavuvi hufunga makuti ya mtende kwenye chelezo, hukitia nanga mbali na ufuko, samaki hukusanyika chini yake, kisha wavu huzungushwa. Kila chombo hupewa njia yake ya baharini kwa kura, ili asiwepo wa kumwekea mwenzake vyelezo mbele. Wavuvi wa dagaa wa hapa wataelewa haraka, ingawa wao hufanya kinyume: dagaa hufuata taa, faulusi hufuata kivuli. Msimu wa lampuki huisha Desemba. Kwa hiyo mwenye kuingia mgahawa wa Malta mwezi wa nne akaona ubaoni kwamba lampuki ni mbichi wa leo, amuulize mhudumu ametoka wapi. Akijibiwa kwamba ni wa friza, amejibiwa ukweli na anaweza kula. Akiapiwa kwamba amevuliwa alfajiri, ahame meza.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na ndicho tunachokiamini kuliko nyota na picha: je, menyu inabadilika? Kurasa nane zenye vyakula sitini haziwezi kuwa za vitu vibichi, kwa sababu hakuna jiko dogo linaloweza kuweka vitu vibichi vya vyakula sitini kwa siku moja. Ubao wenye vyakula saba au nane, vingine vimefutwa kwa kidole kwa kuwa vimekwisha, ni dalili nzuri. Dalili mbaya ni picha kubwa za vyakula zilizobandikwa nje, na mtu aliyesimama njiani kuwavuta wapita njia. Katika miji ya Sliema na St Julian's, mstari wa kwanza mbele ya bahari huuza mandhari pamoja na chakula; ingia mtaa wa pili au wa tatu nyuma yake ndipo utakuta wenyeji.

Marsaxlokk ni kijiji cha wavuvi chenye mashua za rangi, zilizochorwa macho mawili kwenye omo. Soko lake la samaki ni Jumapili. Anayetaka kuona samaki awahi asubuhi, maana baadaye soko hujaa nguo na vitu vya watalii, na migahawa ya ufukweni hufurika wenye meza walizoagiza kabla. Asiyependa msongamano aende siku ya kazi.

Samaki mzima huuzwa kwa kilo, na hapo ndipo wageni wengi huumia. Bei iliyoandikwa ni ya kilo moja, si ya sahani. Utaratibu sahihi ni huu: omba uletewe samaki mbichi mezani kwenye trei, mtazame macho na mashavu, omba apimwe, uliza jumla ya bei, ndipo useme apikwe. Mtu mmoja anatoshwa na samaki mzima wa gramu 400 hadi 500, kwa sababu karibu nusu ni kichwa, mifupa na matumbo. Ukiona samaki waitwao awrata na spnotta mwaka mzima, jua kwamba wengi hufugwa kwenye vizimba vya baharini. Si samaki wabaya, ila bei yao isilingane na ya samaki wa baharini aliyevuliwa kwa mshipi.

Anayetaka kulijua jiko kwa bei ndogo aagize aljotta, supu ya samaki yenye vitunguu saumu vingi, nyanya, wali kidogo na limau. Supu hii haifichi kosa. Vichwa na mifupa ya samaki, kilo moja kwa lita moja na nusu hadi mbili za maji, vinatakiwa kuchemka taratibu dakika 25 au 30 tu. Vikizidi hapo, mifupa hutoa uchungu na supu huwa nzito kama gundi. Vikichemka kwa moto mkali, mafuta huchanganyika na maji na supu huwa na rangi ya maziwa. Limau hutiwa moto ukishazimwa. Mpishi wa Kigoma anaweza kuipika kesho kwa kichwa cha kuhe, samaki wa ziwa letu, bila kubadili kitu zaidi ya kuweka ndimu badala ya limau.

Mengine kwa haraka. Chakula cha mchana huanza saa sita hadi saa nane na nusu hivi, kisha majiko mengi hufungwa mpaka saa moja jioni. Aliyezoea kula saa kumi alasiri atakuta milango imefungwa. Mwenye mfuko mwepesi anunue pastizzi, maandazi ya tabaka yenye jibini laini au njegere ndani. Mwislamu aulize kwanza, maana kwa mapishi ya asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Mkate wao wa duara uitwao ftira, unaojazwa nyanya, zeituni na jodari, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2020. Ni chakula kamili cha mchana kwa mtu mmoja.

Sasa baa. Katika mji mkuu, Valletta, kuna mtaa mwembamba uitwao Strait Street. Kwa miaka mingi ulikuwa mtaa wa mabaharia wa jeshi la Uingereza, wenye baa na muziki mlango kwa mlango. Wanajeshi hao waliondoka Machi 31, 1979, na mtaa ukabaki maturubai na kufuli, kwa kuwa ulikuwa umeegemea mteja wa aina moja. Ulipofufuka baadaye, ulifufuka kwa wateja mchanganyiko, wenyeji kwanza, na kwa vinywaji vinavyotumia vitu vya kisiwani: pombe tamu ya rangi ya waridi itengenezwayo kwa tunda la dungusi kakati wanaloliita bajtra, asali, maganda ya machungwa. Baa zetu nyingi hapa zimejengwa juu ya wageni wa semina. Semina zikiisha, kaunta hubaki na mhudumu na televisheni.

Baa ya kokteli hupimwa kwa macho kabla ya kuonja. Tazama mambo matatu. Kwanza barafu: iwe vipande vikubwa, vigumu, vikavu. Barafu inayoelea kwenye maji ndani ya ndoo itakupa kinywaji chepesi. Pili ndimu au limau: likamuliwe mbele yako au siku hiyohiyo, lisitoke kwenye chupa ya dukani. Tatu toti: mhudumu anayemimina kwa kukadiria hawezi kukupa kinywaji kilekile mara mbili. Baa ikishindwa yote matatu, agiza bia. Wasiokunywa pombe hawakusahaulika Malta. Tangu 1952 wana soda yao iitwayo Kinnie, yenye uchungu wa machungwa machungu na mitishamba, na mtu mzima huinywa mezani bila kuonekana amepewa kinywaji cha mtoto. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji, hilo tunalitilia mkazo.

Kipi kinahamishika? Si lampuki wala dungusi. Kinachohamishika ni kutumia kilichopo, kwa vipimo, kwa wakati wake. Na sisi tuna asali ya miombo ya Tabora inayokuja kwa treni, tuna ndimu ndogo kali, tangawizi, ukwaju, na tuna Konyagi dukani.

Kinywaji cha kwanza tunachopendekeza kaunta za Kigoma wakijue ni cha asali na ndimu. Glasi moja ni Konyagi mililita 50, maji ya ndimu mililita 20, na shira ya asali mililita 20. Ni rahisi kusema na ni rahisi kuharibu, kwa hiyo tueleze.

Asali haimwagwi kaunta ilivyo. Ikikutana na barafu huganda chini ya chombo, na mteja hunywa pombe na ndimu tupu huku utamu ukibaki kwenye kuta. Lazima iwe shira: asali mililita 200, maji mililita 100. Chemsha maji, yaache yapoe dakika kumi, ndipo uchanganye. Ukiipika asali jikoni, harufu ya maua huondoka na hubaki utamu mtupu, na hapo sukari ingekutosha kwa bei ndogo. Kiasi hicho kinatoa glasi 15. Weka kwenye friji, tumia ndani ya wiki moja. Ikitoa mapovu imeanza kuchacha, imwage.

Wakati wa kununua asali, nusa kabla ya kuonja. Iliyorinwa kwa moto mwingi hunuka moshi, na moshi huo hautoki kwenye glasi hata ukiongeza ndimu. Kisha inamisha chupa: asali nzuri hushuka taratibu bila kukatika. Yenye maji zaidi ya asilimia 20 huwa nyepesi na huchacha. Asali iliyoganda chembechembe haijaharibika. Iweke chupa kwenye maji ya moto kiasi, si yanayochemka, itayeyuka.

Ndimu zetu ni ndogo, mbili au tatu hutoa mililita 20. Zisugue kwa kiganja mezani kabla ya kukata. Usizikamue mpaka ganda likunjamane, kwa sababu uchungu wa ganda na mbegu utaingia. Maji ya ndimu yaliyolala yanapoteza ukali wake na kupata ladha ya kuchosha. Kamua ya jioni hiyo tu.

Barafu ndiyo inayotuangusha zaidi. Barafu ya Kigoma mara nyingi hugandishwa kwenye mifuko ya plastiki, ndani ya friza ileile ya samaki, kwa maji ambayo hayakuchemshwa. Makosa matatu kwa pamoja: barafu hufyonza harufu, mfuko mwembamba hutoa vipande vyembamba vinavyoyeyuka upesi, na maji yasiyo salama hayawi salama kwa kuganda. Chemsha maji, yapoe, yagandishe kwenye vyombo vya mfuniko vyenye kina, mbali na samaki. Kisha yapasue kwa nyundo ndani ya kitambaa safi hadi vipande vya ukubwa wa kiberiti, na chekecha vumbi la barafu. Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia: iliyojaa na kufungwa vizuri hushikilia baridi hadi saa 48, iliyojaa nusu yake hushikilia hadi saa 24.

Jaza barafu robo tatu ya kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, mimina vyote, tikisa kwa nguvu sekunde 12, chuja kwenye glasi iliyopoa. Chupa ya kioo isitumike, hupasuka mkononi. Katika kutikisa huko, barafu huongeza maji kiasi cha robo ya kinywaji, na maji hayo ni sehemu ya mapishi. Ukitikisa sekunde tano kinywaji kitakuwa kikali na cha vuguvugu. Ukitumia barafu iliyolowa kitakuwa maji. Gongo, pombe kali ya kienyeji, isikaribie kaunta hata kwa mzaha. Ni haramu kisheria, na hakuna mwenye kujua ina methanoli kiasi gani. Methanoli hupofusha na huua.

Kwa wasiokunywa pombe: maganda ya machungwa manne, yamenywe nyembamba bila ile nyeupe ya ndani, tangawizi iliyopondwa gramu 30, sukari gramu 200, maji mililita 250. Chemsha moto mdogo dakika 10, funika saa moja, chuja. Mililita 30 za shira hiyo, kijiko cha ndimu, barafu, na mililita 150 za maji ya soda. Nyeupe ya ganda ikiingia, uchungu utakaa kooni. Kiuzwe kwa bei ya heshima na kiletwe kwenye glasi nzuri kama cha wengine.

Turudi kwenye samaki, maana ndipo barua ilipoanzia. Migebuka akitoka majini katika joto letu huanza kulegea ndani ya saa chache. Hoteli inayotaka kumuuza usiku impelekee barafu mwaloni asubuhi, isingoje afike jikoni. Uzito wa barafu ulingane na wa samaki, wapangwe tabaka kwa tabaka ndani ya kasha, na maji yanayoyeyuka yawe na tundu la kutokea, kwa sababu samaki anayelala kwenye maji machafu huoza akiwa wa baridi. Wa kukaanga akaushwe kwa kitambaa, achanjwe ubavuni, apakwe chumvi na ndimu dakika 15, akaushwe tena. Kipande cha kitunguu kikitiwa kwenye mafuta kichemke papo hapo bila kuungua, ndipo samaki aingie. Samaki wawili kwa karai, si sita. Ukijaza, mafuta hupoa na samaki hunywa mafuta badala ya kukaangika. Mawese nayo yapashwe moto kwa uangalifu: yakipoteza wekundu yamepashwa moto kupita kiasi, na ladha ya mchuzi itabadilika.

Dagaa wabichi wana kalenda yao, nayo ni mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazina nguvu na dagaa huadimika. Hoteli iandike hivyo. Mgeni akiambiwa kwamba wiki hii dagaa wabichi hawapo kwa sababu ya mbalamwezi, wapo wa kukaushwa, atamwamini mhudumu huyo hata kesho.

Tunawaomba wenye hoteli na baa wa Kigoma vitu vitatu kabla ziwa halijafunguliwa tena: mzani unaoonekana na mteja, friza ya pili kwa ajili ya barafu ya glasi peke yake, na ubao mweusi mlangoni. Kwenye ubao iandikwe kila asubuhi, baada ya mtu wa jikoni kurudi kutoka mwaloni na si kabla: samaki gani, ametoka mwalo upi, bei kwa kilo, anapikwaje, na kinywaji gani cha siku, chenye pombe na kisicho na pombe. Kikiisha, kifutwe.

Wapishi na wahudumu wa kaunta,
Kigoma Ujiji